Kiu ya Paka Askari

Kuna harufu moja ambayo sijaweza kuizoea, nayo ni ya nanasi lililokaa juani hadi likaanza kuchacha. Wengine wakiinusa humeza mate. Mimi hutafuta pa kushika. Juzi nilikuwa soko la Malakia natafuta kitambaa cha mapazia, nikapita mbele ya meza ya mama mmoja aliyekuwa akimenya mananasi, na kabla sijajua nilikuwa nimeshika nguzo ya kibanda cha jirani yake, jasho linanitoka. Yule mama akaniangalia juu mpaka chini, akauliza, "Dada, uko na mimba?" Nikacheka, nikamwambia hapana, ni jua tu. Ningemwambia nini pale katikati ya watu? Kwamba mananasi yake yamenirudisha kwenye kiangazi ambacho paka wetu alishikwa na kiu?

Tulikuwa tunakaa mtaa wa New Site, kwenye nyumba ya bati ya vyumba viwili, na mbele yake rakuba, yaani kile kibanda cha nguzo na majani ambacho watu wa Juba hukaa chini yake kuanzia asubuhi mpaka jua lichoke. Nyumbani tulikuwa wanne. Haboba, ndivyo tulivyomwita bibi yetu mzaa baba. Mama, aliyekuwa na meza ya mitumba Malakia. Mimi, Poni. Na mdogo wangu Keji, aliyekuwa na pengo la meno ya mbele na mdomo usiofunga. Baba alikuwa dereva wa malori, akionekana mara chache sana, hata Keji alikuwa akimwamkia kwa adabu kama mgeni.

Wa tano alikuwa paka. Haboba alimwokota kule Bweyale, Uganda, enzi za ukimbizi, ndani ya gunia la mtama, macho yakiwa bado hayajafunguka. Akamlea kwa uji. Paka akakua, akawa adui wa kila panya aliyethubutu kugusa mgao wao wa chakula, na kwa sababu hiyo akaitwa Askari, ingawa alikuwa jike. Siku ya kurudi nyumbani Haboba alimtia kwenye katoni yenye matundu, akaipakata njia nzima. Pale Nimule ofisa mmoja wa mpakani akauliza kuna nini ndani. "Askari," Haboba akajibu. Yule ofisa aliruka hatua mbili nyuma. Hadithi hiyo Haboba aliisimulia mpaka tukawa tunaimaliza kabla yake.

Alikuwa amezaliwa kabla yangu, yule paka. Nilipoanza kumfahamu alikuwa tayari mzee wa heshima, mwenye sikio moja lililochanika, anayelala juu ya kanga ya Haboba na kufungua jicho moja tu akiitwa.

Kiangazi hicho bati lilikuwa likilia mchana kutwa kwa joto. Lori la maji lilipopita tulijaza pipa la bluu lililokaa kando ya jiko, kisha tukachota kutoka humo na kujaza mtungi wa udongo kivulini, wa maji ya kunywa. Keji ndiye aliyeona kwanza.

"Poni, njoo uone! Askari nakunywa kama ng'ombe!"

Nilikwenda. Askari alikuwa ameinama kwenye beseni la vyombo, macho yamefumbwa nusu, ulimi unakwenda chapu, chapu, chapu. Tulisubiri aache. Hakuacha. Nilikuwa nimeishi naye maisha yangu yote, na sikukumbuka kumwona akinywa maji zaidi ya kuramba kidogo kama mtu anayeonja chumvi. Sasa alikunywa mpaka tukaanza kuangaliana.

Tangu siku hiyo ikawa hivyo. Alikunywa maji ya kunawia mikono. Alikunywa maji ya kuoshea mchele. Aliramba unyevu uliotoka chini ya pipa, na pipa lilipokauka nje aliramba pipa lenyewe. Manyoya yake, yaliyokuwa laini kama sufi, yakasimama hovyo hovyo. Ukipitisha mkono mgongoni ulihisi mfupa baada ya mfupa. Na nyuma ya jiko, pale mchangani alipokuwa akijisaidia na kufukia kwa aibu zake za kipaka, sasa aliacha dimbwi.

"Ni uzee," Haboba alisema. "Hata mimi siku hizi nakunywa."

"Uzee gani inakunywa pipa, Haboba?" Mama akauliza.

Jirani yetu Mama Taban, aliyekuja kila jioni kuazima kitu, alisema hicho ni kichaa cha mbwa, paka auawe kabla hajang'ata watoto. Haboba hakunyanyua hata kichwa kutoka kwenye mboga alizokuwa akichambua. "Mnyama ya kichaa inaogopa maji," akasema. "Hii inapenda maji. Kwa hiyo iko na akili kushinda wewe."

Tulicheka. Nakumbuka sana jinsi tulivyocheka, kwa sababu kilikuwa kipindi cha mwisho cha kuchekea jambo lile.

Halafu godoro likaanza kulowa.

Mimi na Keji tulikuwa tukilala godoro moja chini ya neti moja. Keji alikuwa ameacha kukojoa kitandani zamani, tangu akiwa bado anabebwa mgongoni. Kwa hiyo nilipoamka nikiwa nimelowa ubavu mmoja, sikumfikiria. Mama naye hakumfikiria. Aliinua godoro, akalinusa, akasema neno moja tu: "Paka." Ilikuwa wazi kwa kila mtu. Mnyama anayekunywa vile lazima ayatoe mahali fulani, na Askari alikuwa na tabia ya kuingia chini ya neti yetu kutafuta miguu ya Keji.

Godoro likatolewa nje kuanikwa. Nilikaa karibu nalo nikifanya hesabu za shule, na hapo niliona sisimizi. Walitoka kwenye ufa wa ukuta, mstari mwembamba mweusi, wakavuka ua, wakapanda godoro na kuzunguka lile doa kama watu waliokuja harusini. Nikawafuta kwa ufagio. Wakarudi. Siku nyingine godoro likalowa tena, na sisimizi wakaja tena. Kule nyuma ya jiko, kwenye madimbwi ya Askari, hapakuwa na sisimizi hata mmoja. Niliona hilo pia. Nilikuwa mtoto wa kuona mambo. Kuyaelewa ilikuwa kazi nyingine.

Nilichoelewa kilikuwa hiki: kiu inaambukiza. Niliijua surua na niliijua mafua, na nikaamua kwamba kiu ni ndugu yao. Kwani nilimwona Keji kwa macho yangu, amechuchumaa kando ya beseni pamoja na Askari, paka anakunywa kwa ulimi, yeye kwa kikombe. Kikombe kikiisha anachota kingine. Mwanzoni nilidhani anacheza mchezo wa paka. Kisha nikamwona akinywa hata paka asipokuwepo, akinywa huku amesimama, akinywa huku mguu mmoja unapigapiga chini kama mtu anayewahi gari. Basi Askari amempa, nikajiambia. Nikaacha kumgusa paka. Nikipita karibu naye nilibana pumzi. Kitandani nilijisogeza pembeni kabisa, mgongo kwa Keji.

Na hapo, nikiwa nimempa mgongo, ndipo nilipoanza kuisikia harufu ya mananasi. Ilitoka mdomoni mwake. Tamu, kali, imechacha kidogo. Nikajua mara moja: kule Malakia, karibu na meza ya Mama, palikuwa na mama wa Kiganda muuza matunda aliyempenda sana Keji kwa sababu ya lile pengo. Anampa nanasi, nikawaza, na huyu mchoyo anakula lote, haniletei hata kipande. Niliumia sana moyoni. Kutwa nilikuwa namchunga nione analificha wapi.

Mama akachoka na godoro. Jioni moja alichukua kamba ya katani, akamfunga Askari shingoni kwa kitanzi kilegevu, akamfunga kwenye nguzo ya rakuba, na kumwekea bakuli lake la maji. "Leo tutaona," akasema. Mlango wetu wa bati ukakomewa. Haboba aliingia chumbani kwake bila kumuaga mtu yeyote.

Asubuhi niliamka nimelowa.

Mlango ulikuwa bado umekomewa. Nje, kupitia tundu la msumari kwenye bati, nilimwona Askari amelala palepale alipofungwa, bakuli tupu mbele yake. Mama alitoka kitandani kwake, akagusa godoro kwa kiganja. Akatazama mlango. Akaufungua, akatazama paka kule nje. Kisha akamtazama Keji, na uso wake ukabadilika taratibu, kama maziwa yanayoganda.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Msichana mukubwa hivi. Umeniacha nafunga paka ya mutu!"

"Si mimi, Mama," Keji akasema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Si mimi. Mimi nalala tu."

Mama alivua kandambili, akampiga paja mara moja. Hakuwa mtu wa kupiga, na nadhani ndiyo maana pigo lilitoka kali kuliko alivyokusudia. Keji hakukimbia. Alikaa chini pale pale aliposimama, akaanza kulia bila machozi. Hilo nalo nililiona: alilia, na mashavu yakabaki makavu.

"Paka ikunywe, mutoto akojoe, na mimi nibebe maji mpaka lini?" Mama alikuwa akisema huku anakunja nguo zake za biashara. "Mjomba yenu anakuja jioni. Hiyo paka itaenda naye Bilpam. Kule kwa makambi ya jeshi iko na panya mingi." Akajitwisha mzigo, akatoka.

Haboba alikuwa amesikia yote. Alifungua kamba ya Askari, akamtia kwenye kikapu cha sokoni, akafunika na kanga. "Poni," akaniita. "Vaa viatu. Kabla hawajafukuza mwenzangu, nataka kujua inaumwa nini."

Keji hakutaka kwenda shule, alisema tumbo linamuuma, basi tukaenda naye. Tulipanda raksha, ile pikipiki ya magurudumu matatu, Haboba katikati na kikapu mapajani. Keji aliegemea bega langu na kunipumulia mananasi usoni. Alikuwa akipumua kwa nguvu, kifua chote, kama aliyetoka kukimbia. Nikamwambia asogee.

Daktari wa mifugo alikuwa na duka upande wa pili wa soko la Malakia, mbali na meza ya Mama. Mbele aliuza dawa za mbuzi na chakula cha kuku, nyuma alitibu. Alikuwa mtu mnene, mwenye miwani, aliyesomea Kenya na kurudi na Kiswahili cha huko. Jina lake Daktari Ladu.

"Karibu, mama. Umeniletea kuku?"

"Paka," Haboba akasema.

"Paka?" Akacheka, lakini kwa upole. "Mama, tangu nifungue hapa hakuna mtu ameniletea paka. Watu huniuliza tu dawa ya kuwaua. Haya, tumwone mzee huyu."

Alimtoa Askari na kumweka mezani. Akamwangalia fizi, akambonyeza tumbo kwa vidole viwili, akavuta ngozi ya shingo na kuiachia, nayo ikakaa juu muda mrefu kabla ya kurudi. Akainama akanusa mdomo wake. Akauliza umri. Haboba alipomwambia, alipiga mluzi.

"Mama, nisikudanganye. Kwa paka wa umri huu akinywa hivi, mara nyingi ni figo. Zimechoka. Mdomo wake unanuka mkojo, unasikia? Kuna ugonjwa mwingine pia unaleta kiu kama hii, ni wa sukari, hata wanyama wanaupata. Lakini huo una alama yake. Mkojo wake ukiwa na sukari, mara nyingi utaona sisimizi wamekuja."

"Hakuna sisimizi," Haboba akasema. "Mimi nafagia huko kila asubuhi."

"Wako," nikasema.

Wote wawili wakanigeukia. Niliona aibu, lakini nilikuwa nimeshaanza. "Kwa mchanga hakuna. Wako kwa godoro. Wanakuja kila siku."

"Paka analala kwa godoro?" Daktari akauliza.

"Hapana. Jana alifungwa nje. Wamekuja hata leo."

Daktari Ladu alivua miwani. Naona mpaka sasa jinsi alivyoivua, kwa mkono mmoja, mwingine bado umemshika Askari. "Kwa hilo godoro," akasema polepole, "nani analala?"

Niligeuka kumtafuta Keji. Alikuwa kwenye kona, kando ya magunia ya chakula cha kuku, amepiga magoti mbele ya ndoo ambamo daktari alikuwa ameweka maji ya kunyweshea vifaranga. Alikuwa amezamisha uso mzima ndani. Anakunywa. Hatukuwa tumesikia chochote.

Daktari alimwinua kwa makwapa. Keji alikuwa mwepesi, kichwa kinaning'inia. Daktari akasogeza pua mdomoni mwake, kama alivyofanya kwa paka, na mara akaacha kuwa yule mtu mcheshi.

"Amekula nanasi leo?"

"Anakula kila siku," nikasema, na hasira zangu zote zikatoka hapo. "Anapewa sokoni, hatugawii!"

"Keji, umekula nanasi?"

Keji akatikisa kichwa. "Sijakula," akanong'ona. "Sijawahi. Poni anasema uongo."

Haboba alikuwa akituangalia mmoja baada ya mwingine kama mtu aliyeamshwa katikati ya ndoto. Daktari akavuta droo, akatoa kimfuko cheusi. Ndani kulikuwa na kimashine kidogo. "Mimi mwenyewe nina sukari," akasema, zaidi kwa kujisemea. Alimchoma Keji kidole. Keji hakushtuka. Tone la damu likaingia kwenye kijikaratasi, kimashine kikafikiri, kisha kikaonyesha herufi mbili. H na I.

Nilikuwa namba tatu darasani kwa Kiingereza. Nilizisoma mara moja, na kwa sekunde ile nilifurahi kweli kweli. "Haboba!" nikasema. "Imemsalimia!"

Hakuna aliyecheka. Daktari alikuwa ameshambeba Keji begani. "Hiyo si salamu," akasema akielekea mlangoni. "Ni kwamba sukari imepita mahali mashine inaweza kuhesabu. Mama, twende. Twende sasa hivi. Acha paka!"

Ndivyo tulivyomwacha Askari juu ya meza ya duka lililo wazi, bila mtu, na dawa zote za daktari zimepangwa pale kwa yeyote anayetaka kuzichukua.

Ndani ya raksha Haboba alikuwa akiuliza kitu kimoja tu, tena na tena, kwa lugha yetu ya nyumbani kisha kwa Kiarabu kisha kwa Kiswahili, kana kwamba huenda jibu likabadilika: "Lakini mgonjwa ni paka? Si mgonjwa ni paka?" Daktari alikuwa akimpigapiga Keji mashavu na kumwita. Mwanzoni Keji alijibu "naam". Halafu akaacha.

Hospitalini walimlaza, wakamtundikia dripu. Daktari wao alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ndogo, naye alituambia bila kuzunguka kwamba mtoto huyu alikuwa akielekea kufa, na kwamba dawa anayoihitaji, insulini, imeisha kwao, ikatafutwe madukani. Daktari Ladu hakumwacha amalize. Alitoka mbio, tumbo lake lile kubwa linatangulia, akarudi shati limelowa chapachapa, mkononi ana chupa ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa chenye barafu. Ilikuwa yake mwenyewe. Aliiweka dukani, kwenye friji ya chanjo za kuku. Yule daktari mwanamke aliisoma, akaigeuza, akaisoma tena, akamwangalia. "Na wewe?" akamuuliza. "Mimi ni mtu mzima," Daktari Ladu akasema. "Nitatafuta."

Mama aliletwa na dereva wa raksha aliyetumwa sokoni. Aliingia wodini na suruali mbili za kiume bado zinaning'inia begani, zile alizokuwa akimwonyesha mteja. Muuguzi alikuwa amefunua shuka kutafuta mahali pa kuchoma sindano, na pale pajani, palipobaki ngozi na mfupa, palikuwa na alama nyekundu ya kandambili, mpaka michirizi ya soli ilionekana.

"Huyu nani amempiga?" muuguzi akauliza.

Nilimwangalia Haboba. Haboba aliangalia chini.

"Mimi," Mama akasema. Akajishika mdomo kama neno lenyewe limemuunguza. Kisha akalirudia, safari hii kwa Keji, aliyekuwa hasikii. "Ni mimi."

Hakulia. Watu wa kwetu hulia kwa sauti hospitalini, na hakuna anayewalaumu. Mama alisimama tu, suruali begani, na mtu akitaka kumketisha hakuketi. Nami nilikuwa nimesimama kwenye ukuta nikijaribu kuelewa. Hakuna nanasi. Hakukuwa na nanasi hata siku moja. Wiki zote zile nililala nikimwonea wivu mdogo wangu kwa kitu kilichokuwa kinamuua.

Alifumbua macho kesho yake, jua likiwa limepanda. Alimwona Mama, akamwona Haboba, akaniona mimi. Akaomba maji, na sisi sote watatu tukaruka kwa hofu, hata yule muuguzi akatucheka.

Alikaa hospitalini muda mrefu. Walimfundisha Mama kuchoma sindano kwa kutumia chungwa, na kwa siku kadhaa nyumba nzima ikawa na machungwa yaliyotobolewa. Leo Keji ni mwanamke mrefu kunizidi, fundi wa kushona, na kwenye harusi utamwona anapotea nyuma ya hema kidogo kabla ya chakula, anarudi akirekebisha blauzi, anakaa kula kama wengine. Watu wasiomjua hudhani amekwenda kupaka poda.

Askari hakuibiwa, wala duka halikuguswa. Haboba alimfuata akarudi naye. Mjomba alikuwa ameshakuja na kuondoka mikono mitupu. Paka hakufungwa tena. Mama mwenyewe ndiye aliyemjazia bakuli kila alipotoka hospitalini, alijaza mpaka maji yakamwagika. Lakini figo ni figo. Aliendelea kukonda, kisha akaacha kula, na asubuhi moja Haboba alimkuta amelala juu ya kanga yake, amejikunja, mwili umepoa. Alimzika karibu na ukuta. Tulikubaliana tusimwambie Keji mpaka arudi.

Siku aliyorudi alishuka kwenye raksha kwa miguu yake mwenyewe. Mama Taban na majirani walikuwa wamejaa chini ya rakuba, kuna chai, kuna mandazi, na kila mtu anasema "Hamdulila, hamdulila". Keji alipita katikati yao bila kuwasalimia. "Askari!" akaita. "Askari, nimekuja!" Akaangalia kwenye kanga. Akaangalia nyuma ya jiko.

Mama aliingia ndani. Alitoka na kikombe cha maji juu ya sahani, kama anavyopelekewa mgeni mkubwa, na mbele ya watu wote wale akapiga magoti chini mchangani, mbele ya mtoto wake.

Kwetu mtoto ndiye anayempigia mzazi magoti, mke kwa wakwe, kijana kwa mzee. Sikuwa nimewahi kuona kinyume chake, na sijaona tena. Haboba alishtuka mpaka akamwaga chai. "We! Unapigia mutoto magoti?"

Mama aliisogeza sahani mbele. "Keji," akasema, "Askari amekufa. Haikuwa yeye alikuwa analoesha godoro. Na haikuwa wewe. Ilikuwa ugonjwa. Mimi sikujua, na nilikupiga."

Keji alichukua kikombe. Alikunywa nusu, akakirudisha juu ya sahani. Nilimsubiri anywe kilichobaki. Hakunywa.

"Yeye, kiu yake iliisha?" akauliza.

Haboba ndiye aliyejibu kutoka kwenye kiti chake. "Iliisha, mama yangu. Siku ya mwisho niliweka maji karibu, hakutaka."

Keji alifikiri juu ya jambo hilo, paji la uso limekunjamana. Kisha akamtazama Mama, aliyekuwa bado kule chini na sahani mkononi, vumbi limempanda mpaka kwenye nguo yake nzuri.

"Sasa simama, Mama," akasema. "Hapo chini iko na mawe."